Nikisema Harusi

Kabondo, Kisangani, tarehe 9 Novemba 1999

Yaya Feruzi, kaka yangu mkubwa,

Salaam aleikum. Sisi huku tuko wazima, wale tuliobaki. Arobaini ya Mama ilisomwa vizuri. Watu walijaa mpaka uani kwa jirani yetu Adeline, na yeye, Mkatoliki yule, alipika lituma ya ndizi sufuria nzima na akakaa nasi hadi dua ya mwisho. Barua niliyokuandikia Septemba juu ya kifo chake, Katembo, yule muuza saruji anayetupitishia barua, anasema ilifika Kampala kwa ndugu yake na ikatiwa posta. Kama haikukufikia, basi unasoma hapa: Mama alitutoka mwezi wa nane, siku zile majeshi mawili ya wageni yalipopigana mjini kwetu. Dawa yake ya presha ilikuwa ng'ambo ya barabara, na barabara haikuvukika.

Binti yako Mwanahamisi amejifungua mtoto wa pili. Mume wake bado anafundisha Lubunga.

Bon. Neno langu ni juu ya Aïcha. Uliniachia huyu mtoto ana miaka saba, leo ana kumi na saba, yuko mwaka wa sita wa lycée, na mtihani wa serikali uko karibu. Moussa wa mawe anamtaka. Unamkumbuka? Zamani alitembeza mafuta ya taa kwa kinga, baiskeli yake ile. Siku hizi ananunua almasi, anakula meza moja na makomanda, na kila miezi mitatu anapanda ndege kuja huko kwenu Ulaya na mawe yake. Ana miaka hamsini na mbili na wake wawili.

Baba mdogo ameshalainika. Lakini Aïcha alisimama mbele ya wote akasema: "Mimi sitaki, na papa atakataa." Sheikh alikuwapo. Baba mdogo akamjibu kwamba walii ni baba mzazi, na tutafuata kauli yake. Ukisema hapana, Moussa ataenda zake. Ukisema ndiyo, hakuna mtu Kabondo nzima wa kupinga.

Yaya, sikuombi kitu kingine. Andika hapana. Na tafadhali uandike kwa mkono wako. Tangu mwaka juzi unatuletea barua za mashine, hata sahihi hamna. Wewe uliyekuwa na mwandiko ambao bwana posta mzima aliuonyesha watu!

Mdogo wako,
Madina


Bruxelles, 4 Januari 2000

Mpendwa ndugu yangu Madina, baada ya salamu nyingi zisizo na idadi, natumaini barua hii itakukuta katika afya njema wewe na jamaa wote wa Kabondo, wakubwa kwa wadogo. Mpe Mama salamu zangu za pekee, mwambie mwanawe anamkumbuka na anaibusu mikono yake. Nami hapa ni mzima, namshukuru Mwenyezi Mungu.

Msiba wa Mama umenivunja.

Unauliza kwa nini siandiki kwa mkono. Mdogo wangu, dunia imetembea. Mimi naongea, ordinateur inaandika. Navaa kitu kichwani chenye kipaza sauti kidogo mbele ya mdomo, nasema taratibu, na maneno yanatokea kwenye kioo. Ilikuja na Kifaransa tu. Kiswahili chetu nimeifundisha mwenyewe, neno baada ya neno, miezi na miezi, mpaka inanisikia mimi kuliko watu wa nyumba hii wanavyonisikia.

Jambo tamu zaidi ni amri. Unachagua neno moja, unaiambia mashine: nikisema neno hili, wewe andika haya yote. Nikisema "jamaa", nikanyamaza kidogo kabla yake na kidogo baada yake, inamwaga salamu zote kwa pumzi moja. Nikisema "mwisho", inaweka dua ya kufunga. Clovis, kijana wa Kibelgiji anayetusaidia hapa kituoni, anasema hajaona mtu wa kunishinda katika kutengeneza amri. Ninazo arobaini na moja.

Kuhusu Aïcha, shauri la ndoa halikatwi kwa haraka. Moussa ni mtu anayejua kuheshimu watu. Nitafikiri.

Nawaombea heri na usalama, Mungu awakinge na kila shari, tukutane tukiwa hai. Amina.

Feruzi


Kabondo, tarehe 21 Februari 2000

Yaya,

Salamu sina leo. Unazo wewe, ziko tayari, unazimwaga.

Unampa Mama salamu? Unambusu mikono? Mikono ipi, Yaya, na iko chini ya udongo tangu mwezi wa nane? Niliisoma kwa sauti mbele ya watu, maana barua yako huwa inasomwa mbele ya watu, na nilipofika hapo Mwanahamisi alitoka nje. Halafu mstari wa chini unasema msiba umekuvunja. Sasa tukuamini wapi, juu au chini? Usiniambie ni mashine. Mashine haikumzaa mtu, na wewe una macho ya kusoma kabla ya kutuma.

Na kituo gani hicho? Unaishi kituoni tangu lini? Hunijibu, najua.

Sasa nisikilize. Idi ya kuchinja ni katikati ya Machi. Moussa anasema baada ya Idi hangoji tena. Ameshaleta vitenge, Aïcha amevirudisha kwa miguu yake mwenyewe mpaka mlangoni kwake. Mtoto anasoma historia na hesabu kila asubuhi juu ya mkeka wa Mama, na akisikia pikipiki ya Katembo anakimbia kuuliza: "Shangazi, jibu la papa limefika?" Anakuamini, Yaya. Haijui sura yako vizuri lakini anakuamini. Mimi ninayeijua ndiyo nimeanza kuogopa.

Andika hapana. Usifikiri tena. Maneno mengine yote weka pembeni.

Madina


Kabondo, tarehe 30 Juni 2000

Kwa Feruzi,

Tuko hai. Nyumba imepoteza paa upande wa jikoni. Umesikia redioni, nadhani: siku sita za mabomu, majeshi yale yale, safari hii bila kupumua. Tulilala nyuma ya saruji dukani kwa Katembo, magunia juu ya magunia. Adeline alipoteza mdogo wake wa kiume. Mtihani wa serikali haukufanyika kwa wakati wake. Lakini Aïcha hakuwa na shida na mtihani tena, maana amekuwa mke wa mtu tangu Aprili.

Karatasi yako ilifika kwa Baba mdogo, haikupita kwangu. Aliileta Moussa mwenyewe, imetoka safarini pamoja naye. Nakunakilia ulichoandika, labda umesahau:

"Mimi Feruzi, baba mzazi na walii, kwa akili yangu timamu na bila kulazimishwa na mtu, nimekubali kwa moyo mweupe ndoa ya binti yangu Aïcha, mtoto wangu wa mwisho, na namteua Baba mdogo asimame mahali pangu. Mungu aijaze nyumba yao kheri."

Baba mdogo alisema: maneno haya tunayajua, ni yale yale aliyotuletea wakati wa Mwanahamisi mwaka 1998, ni yake hayana shaka. Nikasema niione. Nikaisoma mara tatu. Aïcha alikuwa nyuma yangu, kidevu chake begani kwangu. Hakulia. Alisema: "Siyo papa." Basi. Siku ya akdi aliulizwa, akanyamaza, na wazee wakasema kimya cha mwali ni ndiyo.

Baada ya mabomu Moussa amemhamishia Bengamisa, kwenye barabara ya Banalia, ambako ana ghala. Nimeenda kumwona mara moja kwa baiskeli ya kukodi. Amekonda. Vitabu alivyobeba vimewekwa juu ya kabati ambako hafiki.

Nimekwenda kwa Sheikh. Amenisikiliza. Amesema: kama baba ataapa kwa maandishi kwamba hakukubali, na akaeleza ile karatasi ilitokeaje, basi ndoa imekosa msingi, nitawaita wazee tuifungue. Amesema hivyo kwa mdomo wake.

Donc nakuuliza mara moja. Ulikubali au hukukubali?

Madina


Bruxelles, 19 Agosti 2000

Madina mdogo wangu,

Leo sikuita amri ya salamu. Nakusalimia mwenyewe, na Mungu ashukuriwe kwamba mko hai.

Nianze na lile nililoficha. Sina mikono. Ipo, lakini haifai. Mwaka 1996 nilikuwa napiga nguo pasi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli, na mashine ikanifungia yote miwili mpaka vifundoni. Vidole vimekauka vimekunjamana, sishiki kalamu wala kijiko. Kituo ni nyumba ya watu kama mimi. Sikuandika kwa sababu nilikuwa mtu wa mwandiko, na sikutaka Mama afe akijua. Ndiyo maana nikajifunza kuongea na mashine.

Sasa karatasi. Naapa kwa Mwenyezi Mungu, sikukubali. Amri yangu ya "harusi" niliitengeneza mwaka ule wa Mwanahamisi. Nikiitaja peke yake, kwa kunyamaza kabla na baada, mashine inaandika ridhaa yote. Siku ile nilitaka kuandika: "Sitaki harusi hii." Nikasema "sitaki", nikavuta pumzi. Halafu nikasema "harusi", nikavuta pumzi tena. Mashine ikadhani nimeiamuru. Ikafuta ile "sitaki", ikamwaga yote. Msafiri alikuwa anangoja chini, Clovis hajui Kiswahili, akatoa karatasi akaitia kwenye bahasha. Sikutazama kioo, macho yalikuwa yamejaa machozi. Uliona mwenyewe jinsi ilivyomsalimia Mama marehemu. Ndivyo ilivyo, inaandika ilichofundishwa, haijui nani amekufa wala nani hataki.

Mpe Sheikh barua hii. Ni kiapo changu. Mfungulieni mtoto.

Kaka yako,
Feruzi


Kabondo, tarehe 12 Oktoba 2000

Feruzi,

Barua yako ya kiapo ilipofika nilipiga vigelegele peke yangu uani kama mwendawazimu. Kwanza niliililia mikono yako, haki ya Mungu, nililia kutwa. Miaka minne kaka yangu analishwa na mimi namtukana kwa ajili ya sahihi! Kesho yake nikapanda baiskeli mpaka Bengamisa. Nilimwambia Aïcha kila kitu: mikono, kipaza sauti, pumzi, neno "harusi". Alinishika mabega akacheka. Kicheko cha kwanza tangu Aprili. Akasema: "Sikuwaambia? Sikuwaambia siyo papa?"

Ijumaa wazee wakaketi. Nikasimama, mimi mwanamke, nikasoma kiapo chako chote. Watu wakaguna. Sheikh akatikisa kichwa kwa huruma, nikaona jambo limekwisha. Moussa alikuwa pembeni anachezea tasbihi.

Halafu Baba mdogo, na unamjua, hana ujanja hata kidogo, akatoa mfukoni karatasi mbili. Ile ya Mwanahamisi na ile ya Aïcha. Akataka tu kuwaonyesha wazee kwamba kweli zinafanana. Akazilaza mkekani. Sheikh akavaa miwani, akasoma hii, akasoma ile, kidole chake kinashuka mstari kwa mstari. Kikasimama.

Akamwita Katembo, maana ndiye mwenye ordinateur hapa mtaani. Akamuuliza: amri ya namna hii, ikishawekwa maneno, inaweza kubadilisha jina yenyewe? Maskini Katembo hakujua anaulizwa nini. Akajibu: "Aka, Sheikh! Ile iko sawa na cachet tu, muhuri. Unapiga, inatoa ile ile. Cachet haijue mutu mwingine."

Karatasi ya kwanza inasema Mwanahamisi, mzaliwa wangu wa kwanza. Ya pili inasema Aïcha, mtoto wangu wa mwisho.

Nani aliiambia mashine jina la Aïcha, Feruzi? Nani aliiambia ni wa mwisho?

Sheikh alikunja karatasi zote akanirudishia. Alinikunjia taratibu, kwa heshima, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Ningekudanganyia, unajua? Ningeapa na mimi, ningebeba dhambi hiyo kwa furaha ili mtoto atoke. Ila hata uongo wenyewe hukuutengeneza vizuri. Umenisimamisha mbele ya wanaume ishirini nikiwa nimeushika mkononi.

Sema sasa. Hakuna wa kuokolewa tena, kwa hiyo unaweza kusema kweli.

Madina


Bruxelles, 3 Desemba 2000

Madina,

Nimekaa na barua yako wiki tatu. Hapa hakuna amri hata moja, kila neno nimelitamka, na mashine imenikosea mengi nikayarudia.

Moussa alikuja hapa mara tatu. Mara ya kwanza alileta salamu zenu. Ilikuwa saa ya chakula, na mhudumu alikuwa amenisahau kama kawaida yao, sahani iko mbele yangu inapoa. Moussa alivua koti, akakunja mikono ya shati, akanilisha. Samaki alimtoa miiba kwanza kwa vidole. Aliniita papa. Miaka minne hapa naitwa "monsieur Férousi" na watu wanaonifuta mdomo huku wanaongea wenyewe kwa wenyewe. Mara ya pili alinipeleka msikitini, akanitawadhisha, akanifunga viatu mbele ya watu. Mtu mzima yule, tajiri, amepiga magoti njiani.

Mara ya tatu ilikuwa Machi. Alikaa kando yangu kwenye mashine. Hakunitisha, hakuniahidi kitu. Alisema tu, papa, wazee wanangoja neno lako. Barua yako ya Februari ilikuwa mezani. Nilijua nifanye nini. Hapana ni neno dogo. Lakini nilifikiri, nikilisema, huyu atasimama, atavaa koti, na hatarudi.

Nikasema "harusi". Ridhaa ikatoka na jina la Mwanahamisi. Nikasema: futa. Nikasema: andika Aïcha. Ilinielewa mara ya kwanza, na siku zote jina hilo lilikuwa linaishinda. Nikatazama kioo, Madina. Nilisoma mpaka mwisho.

Hajarudi tangu alipooa.

Sikuombi msamaha, najua hutakuwa nao. Naomba moja tu. Aïcha asijue. Mwache abaki na ile ya mashine.

Feruzi


Kabondo, tarehe 16 Februari 2001

Feruzi,

Nimesoma. Sikumsomea mtu. Nilijaribu kukuchukia sawasawa, lakini yule samaki aliyetolewa miiba ananizuia, na kwa hilo pia nakukasirikia.

Unataka Aïcha asijue. Basi nikupe habari zake.

Moussa amemwambia. Zamani, mwezi wa kumi ule ule, siku wazee walipotawanyika. Alirudi Bengamisa anacheka, akamwambia baba yako nilikaa naye bega kwa bega, jina lako alilisema mwenyewe, kwa sauti safi. Aïcha akamjibu: "Unasema uongo. Papa yangu alisema hapana." Akampiga. Akarudia: alisema hapana. Kila wanapogombana ndipo wanapofika, na kila mara anapigwa kwa neno hilo, na halimtoki mdomoni. Wake wenzake wanamwomba akubali tu, ayamalize. Hataki. Ana mimba ya miezi mitano.

Nilikwenda Jumapili iliyopita. Barua yako ilikuwa ndani ya kanga yangu, kiunoni. Nilikuwa nimekata shauri kumsomea, kwa sababu anapigwa kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwapo. Njia nzima nilijipanga jinsi ya kuanza. Nilimkuta anachambua majani ya sombe, jicho moja limevimba. Kabla sijakaa akaniuliza, kwa sauti kubwa ili watu wa nyumba wasikie: "Shangazi, papa alisema hapana, siyo?"

Wote wakaacha kazi kunisikiliza, pamoja na Moussa mlangoni.

Nikasema: "Ndiyo, mwanangu. Alisema hapana. Nimeisoma kwa macho yangu."

Sasa ni mimi ninayesema mahali pako. Nitaendelea kusema, mpaka atoke kule au mpaka tufe. Wewe usiandike tena, maana kila barua yako ataomba asomewe, na nimechoka kutunga. Barua yako ya Desemba nimeichoma jikoni, chini ya mahali ambapo hakuna paa.

Ameniagiza salamu zako, nazileta kama alivyozisema. Anasema yeye ni mzima. Anasema pole kwa mikono, papa. Na anasema asante.

Madina